Keki Moja, Watu Wangapi?
Mazungumzo ya mwalimu mmoja wa Wawi, Pemba

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa kulitazama ni dogo, nalo ni kujua, kabla wageni hawajafika, kwamba keki iliyopikwa nyumbani itawatosha watu wangapi. Labda yuko atakayesema, "Mwalimu huyu amekosa la kusema. Keki hukatwa, huliwa, ikesha." Namwomba mtu huyo anisikilize mpaka mwisho, kwani mimi mwenyewe nilikuwa na mawazo kama yake, na mawazo hayo yaliniletea aibu mbele ya watoto 30.

Hapa kwetu Wawi, karibu na mji wa Chake Chake, watu hawakosi kujua vipimo. Mchumaji wa karafuu aijua pishi yake, na mke wa nyumbani ajua kuwa vibaba vinne ni pishi moja. Kiwandani hapa Wawi, yanapotolewa mafuta ya makonyo, hakuna kinachoingia wala kutoka bila ya kupimwa. Lakini likija jambo la keki au mkate wa mayai, wengi wetu huacha vipimo vyote tukasema, "Itatosha tu." Na neno hilo la "itatosha tu" ndilo lililonitia mimi taabuni.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mwaka wa masomo. Wanafunzi wa darasa langu walikuwa wakimaliza, na baada ya siku ile kila mmoja angekwenda njia yake. Tukapatana tufanye karamu ndogo ya kuagana, na kila mwenye uwezo alete kitu. Walikuwako walioleta sukari, walioleta unga, na watoto 10 walileta mayai, yai moja moja. Mmoja wao alikuwa msichana mnyamavu aliyekaa safu ya nyuma. Alilileta yai lake limefungwa katika kitambaa, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikajua kwamba kuku wa nyumbani kwao hawakuwa wengi.

Watu wa karamu walikuwa 36, yaani wanafunzi 30 na walimu na wageni 6. Nikamwendea bibi mmoja jirani yangu, mpishi mashuhuri wa mikate ya mayai, nikamwuliza, "Shikamoo, Bibi. Sinia lako lile kubwa hutosha watu wangapi?" Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Lile hutoa vipande 36, si zaidi." Nikafurahi sana, ila sinia lenyewe lilikuwa limeazimwa na wenye arusi. Nikaupima upana wake kwa maneno ya Bibi, nikaona ni sentimita 36 kupita katikati. Mimi nyumbani nilikuwa na sufuria mbili, kila moja ina upana wa sentimita 18. Nikajisemea, "18 na 18 ni 36. Mambo yamekwisha."

Wanafunzi mnaonisikiliza, naona wengine wenu mmekwisha cheka. Mna haki. Mwalimu wa hesabu alikosa hesabu.

Nikapika sufuria zangu mbili, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, zikaiva vizuri sana, rangi ya asali na harufu ya iliki. Siku ya pili tukakusanyika. Nikaanza kukata na kugawa papo hapo. Kwa adabu nikatanguliza wageni na walimu, vipande 6. Kisha nikaanza safu ya mbele ya wanafunzi. Nilipofika mwanafunzi wa 12, sahani ilikuwa tupu. Watoto 18 hawakupata hata kipande, na katika hao alikuwamo yule msichana aliyeleta yai. Nikamwendea nikataka kusema neno, akanitangulia akasema, "Si kitu, Mwalimu." Wasikilizaji wangu, kama angelia ingekuwa rahisi zaidi kwangu. Darasa lile halikukutana tena.

Jioni nikarudi kwa Bibi nikamweleza. Hakunicheka. Alisema, "Mwanangu, wewe ulihesabu upana wa chombo, hukuhesabu tumbo lake." Sinia lilikuwa limekwisha rudishwa. Akalileta, akaniambia nilete sufuria yangu moja na mchele. Akaumwaga mchele katika sufuria, akausawazisha kwa kiganja mpaka ukawa kina cha kidole kimoja, kisha akaumimina katika sinia. Akafanya hivyo mara ya pili, mara ya tatu, na mara ya nne. Hapo tu ndipo sinia lilipojaa kwa kina kile kile cha kidole kimoja. Sufuria nne, wala si mbili! Akasema tena, "Na hata kama ungelipata sinia langu, mayai 10 yasingelitosha. Lile lataka mayai 18. Ungelipata mkate mwembamba kama chapati."

Basi nilikuwa nimefundisha eneo la duara miaka mingi ubaoni, lakini siku ile ndipo nilipofundishwa mimi, jikoni, kwa mchele. Sasa nataka kuwapa ninyi yale niliyojifunza, ili yasiwapate yaliyonipata.

Jambo la kwanza ni kuamua kipande ni kiasi gani. Huwezi kuuliza keki itatosha watu wangapi bila ya kujua kila mtu atapewa nini. Kwa mkate wa mayai au keki ya kawaida yenye kimo cha sentimita 5, kipande cha nyanda tatu kwa nyanda tatu chatosha kumheshimu mgeni. Wanda ni upana wa kidole, na nyanda tatu ni kadiri ya sentimita 5. Eneo lake ni sentimita za mraba 25. Mimi huzidisha kidogo, nikahesabu 28 kwa kila mtu, kwa sababu kisu hakifuati mstari na makombo hayakosi. Ikiwa keki ni nzito, kama ile yenye zabibu nyingi, au kama ni mkate wa kumimina uliojaa tui na mchele, kipande kidogo zaidi kitashibisha. Na kama wageni watapewa pia visheti, kaimati, sambusa na haluwa, usikate vipande vikubwa, maana vitaachwa nusu juu ya sahani.

Jambo la pili ni eneo la chombo. Chombo cha pembe nne ni rahisi, zidisha urefu kwa upana. Trei ya sentimita 30 kwa 40 ina eneo la 1,200, nayo hukatika vipande 48 vya sentimita 5 kwa 5, safu 6 zenye vipande 8 kila moja, bila ya kupotea hata pembe moja. Lakini sufuria na masinia yetu mengi ni ya mviringo. Hapo watu wengi hupotea, kwani hudhani upana ukizidi maradufu na keki huzidi maradufu. Sivyo. Upana ukizidi mara mbili, keki yenye kimo kile kile huzidi mara nne. Upana ukizidi mara tatu, keki huzidi mara tisa.

Hesabu yake ni hii, iandikeni. Pima upana wa chombo kupita katikati kwa sentimita. Uzidishe kwa wenyewe. Kisha zidisha kwa 11, ugawanye kwa 14. Njia hii si mpya. Archimedes, Mgiriki wa mji wa Siracusa, aliionyesha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kwamba duara na mraba unaolizunguka ni kama 11 na 14. Tazameni basi sufuria zangu: 18 mara 18 ni 324, ukizidisha kwa 11 na kugawa kwa 14 wapata kadiri ya 254. Gawa kwa 28, wapata vipande 9. Sufuria mbili, vipande 18. Na ndivyo ilivyokuwa. Sasa sinia la Bibi: 36 mara 36 ni 1,296, kwa 11, kisha kwa 14, wapata 1,018. Gawa kwa 28, wapata 36. Bibi hakuwahi kulisikia jina la Archimedes, lakini jawabu lake lilikuwa sawasawa.

Humo mna faida nyingine. Mraba na duara vyenye upana mmoja si sawa. Chombo cha pembe nne hubeba zaidi, kadiri ya robo na zaidi kidogo. Basi ukiambiwa kwamba keki ya sentimita 20 yatosha watu fulani, uliza kwanza, ya mviringo au ya pembe nne?

Jambo la tatu ni uzani, nalo lamfaa mtu anayetaka kujua kabla hajawasha moto. Jumlisha uzani wa vitu vyote utakavyotia. Mathalani una gramu 250 za unga, gramu 250 za sukari, na mayai 8. Yai la kadiri, likiondolewa ganda, ni kama gramu 50. Basi mayai 8 ni gramu 400. Jumla ni gramu 900. Toa sehemu moja katika kumi, kwa sababu maji hutoka kwa mvuke katika kuoka. Hubaki 810. Ukimpa kila mtu gramu 50, una watu 16. Sasa linganisha na chombo. Mchanganyiko huu wafaa sufuria ya sentimita 24, ambayo eneo lake ni 452. Gawa kwa 28, nayo pia yatoa 16. Hesabu mbili zikikubaliana, lala usingizi wako. Zikitofautiana, shika iliyo ndogo. Ni afadhali kubakiwa na kipande kuliko kupungukiwa na mtu.

Jambo la nne ni kukata. Keki ya mviringo ukiikata miraba, kandokando hubaki vipande vya ajabu, vingine kama kucha. Ukiikata yote kwa mistari inayokutana katikati, ukataka vipande vingi, utapata vipande vyembamba vinavyovunjika ncha. Bibi alinionyesha njia nzuri. Keki ya sentimita 24, chukua bakuli lenye mdomo wa sentimita 12, yaani nusu ya upana, ulifinike katikati ya keki, ukalizungushe kisu. Sasa una duara dogo ndani na pete nje. Duara la ndani ni robo ya keki, na pete ni robo tatu. Basi likate duara la ndani vipande 4, na pete vipande 12. Vyote 16 ni sawa, hata mtoto mwenye macho makali hatakushitaki. Kwa sinia la sentimita 36, fanya duara la 12 na duara la 24. Kata la ndani vipande 4, pete ya kati 12, na pete ya nje 20. Jumla 36. Tazameni uzuri wa hesabu hiyo: 4, kisha 12, kisha 20. Kila pete yazidi iliyotangulia kwa vipande 8.

Ama mtu mwenye nyumba ndogo, ambaye keki yake italiwa siku mbili au tatu, kwake yafaa njia nyingine. Mwaka 1906 Mwingereza mmoja mtaalamu, Francis Galton, aliandika barua katika gazeti la elimu liitwalo Nature kueleza jinsi ya kukata keki ya mviringo isikauke. Alisema usikate pembe. Kata ukanda wa katikati kutoka upande mmoja hata wa pili, uutoe ule, kisha uzisogeze nusu mbili zilizobaki zigusane na kuzifunga. Siku ya pili kata ukanda mwingine kwa njia hiyo hiyo, ukikingamana na ule wa kwanza. Hivyo nyama ya ndani ya keki haipigwi na upepo. Mtu mkubwa kama yule hakuona haya kuifikiri keki yake. Kwa nini sisi tuone haya?

Jambo la tano ni hesabu ya watu, na hili ni gumu kuliko eneo la duara. Ukialika watu 20 hapa Pemba, usihesabu 20. Mama huja na watoto wake. Wako wapishi na waliokusaidia kuteka maji na kuosha vyombo, ambao mara nyingi husahauliwa wakabaki na makombo. Iko sahani ya jirani mgonjwa asiyeweza kutoka. Wako watoto wa mlangoni waliosikia harufu, nao hawakualikwa, lakini ni nani awezaye kuwafukuza? Waandikeni wote katika karatasi kwa mafungu yao: walioalikwa, watoto, watumishi, sahani za majirani. Kisha juu ya jumla ongeza mmoja kwa kila kumi. Wazee walisema, "Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari," na keki nayo ni mali. Mayai, sukari na unga havipatikani bure, wala si vema kupika mara mbili ya haja kwa kuogopa, halafu mwisho wa mwezi kukopa dukani.

Na jambo la mwisho, ambalo laiti ningelijua siku ile: kata keki yote kwanza, hesabu vipande, hesabu watu, ndipo uanze kugawa. Kama ningelifanya hivyo ningeliona vipande 18 na watu 36, nami ningelikata kila kipande katikati. Vingelikuwa vidogo, lakini kila mkono ungelipata kitu. Kosa la kupika kidogo lilikuwa kosa la hesabu, na kosa la hesabu husameheka. Lakini kugawa bila ya kuhesabu, na kuanza na wakubwa, na kuwaacha walioleta mayai kuwa mwisho, hilo lilikuwa kosa la uadilifu. Kwa ajili hiyo, siku hizi mimi hugawa nikianzia safu ya nyuma, na sahani yangu huwa ya mwisho. Mkataji akijua kwamba kipande chake ndicho kitakachobaki, mkono wake hukata sawa.

Baada ya wiki moja nilipika sufuria moja ya sentimita 18, nikaenda nayo kwa yule msichana. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Mama alisema sikuwa na haja ya kujisumbua kwa yai moja. Mtoto hakusema neno. Alikwenda akaleta kisu, akawaita wadogo zake, akawahesabu kwa kidole, kisha akamhesabu mama yake, akanihesabu na mimi, ndipo akakata. Hakuanza kukata mpaka alipokwisha kuhesabu. Nikaona kwamba elimu niliyoitafuta kwa aibu, yeye alikuwa nayo tangu nyumbani, kwa kuzoea kugawa kidogo kwa wengi.

Wanafunzi, nawaachieni maswali mawili ya kufanya kesho. La kwanza: sufuria yenye upana wa sentimita 28 itatoa vipande vingapi vya eneo la 28? La pili: mtu ana watu 40 walioandikwa, akaongeza mmoja kwa kila kumi, je, sinia la Bibi litamtosha, na kama halitoshi, aongeze sufuria ya sentimita ngapi? Jawabu la kwanza ni 22. La pili sitawaambia. Litafuteni kwa hesabu, kisha lijaribuni jikoni kwa mchele, na wazee wawe mashahidi.

Nakomea hapa. Nawatakieni usiku mwema, na sahani zenu zisipungukiwe. Kwaherini.